Tarumbeta Amekataa Kukatwa Ulimi

Dada mshauri, nisaidie, maji yamenifika shingoni. Mume wangu ni mnadi wa nguo za mitumba, sokoni wanamwita Tarumbeta kwa ile sauti yake, sasa ni miezi ana kidonda ubavuni mwa ulimi, tulidhani ni jino lililovunjika linamkwaruza, tukasukutua maji ya chumvi, tukang'oa jino, kidonda kikabaki pale pale, na mwezi uliopita majibu ya kipimo yakatoka, ni saratani, daktari anataka kukata sehemu ya ulimi na kutoa tezi za shingoni, mume wangu akatoka mle ndani bila hata kuaga. Nyumbani kuna shemeji yangu, kaka yake, fundi wa mapaa, yeye aliwahi kupata saratani kwenye mdomo wa chini, akakatwa kipande kidogo, akashonwa, si muda akarudi juu ya bati anapiga misumari na kututania, basi akasema, "Huyo daktari ni mchinjaji, mbona mimi shingo hakunigusa? Saratani ni ile ile, kinywa ni kile kile!" Familia ikakaa kikao ikaamua tungoje, na mimi nikaafiki kwa sababu maneno yao yalikuwa matamu kuliko ya hospitali. Sasa chini ya taya la mume wangu limeota vimbe gumu, haliumi, yeye anasema ni baridi, chakula nakiponda mpaka kiwe maji na bado kinamtoa machozi, Jumatatu ndiyo siku ya upasuaji aliyopangiwa na hospitali na ameapa haendi, anasema mnadi asiye na ulimi bora azikwe. Nalia jikoni nimefungulia bomba asinisikie. Nimsikilize nani?

Mke wa mnadi

*

Mdogo wangu, pole sana, lia, una haki. Ukimaliza nikuseme kidogo. Tangu lini kikao cha familia kikatibu kidonda? Shemeji yako amepona, tumshukuru Mungu, lakini kupona hakukumpa udaktari.

Nimemuuliza daktari wa kinywa. Saratani ya mdomo wa chini mara nyingi huletwa na jua, iko nje, mtu anaiona kwenye kioo, na kwa kawaida huenda polepole, ndiyo maana ile ya shemeji iliwahiwa. Ya ulimi hujificha, na huwahi kushuka kwenye tezi za shingo hata kidonda kikiwa kidogo. Ya ufizi nayo hula mfupa huku watu wanang'oa meno. Kwa hiyo hapana, si ile ile. Na hilo vimbe huenda ndiyo imeshashuka. Baridi gani hiyo, jamani?

Jumatatu usiingoje. Kesho asubuhi mpeleke, daktari alishike hilo vimbe kwa mkono wake. Shemeji aende naye, swali lake la shingo akaliulize huko huko, aache kulipigia kelele sebuleni. Ulizeni habari za tiba ya mionzi, na mtu wa kumfundisha kuongea upya. Kama anavuta sigara, leo iwe mwisho.

Sikufichi, mmechelewa, na hata huyo daktari hakuniahidi kitu. Mumeo akikuuliza atanadi vipi, usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, mwambie huenda hatanadi tena. Atakuita kwa kitembe, maneno nusu nusu, na wewe utaitika.