Majani ya Ngano Yaliyooshwa

Shikamoo Bibi,

Kazi ya kupima mimea imenileta Nangwa na wenzangu. Ni baridi, na mlima Hanang umejifunika mawingu. Ngano ya mwenyeji wetu, Mama Paulina, inaugua kuvu, na bila kujua ni kuvu gani hawezi kuchagua dawa. Alituletea majani, tukayapima kwa mashine ya vinasaba, ndogo kama simu. Ikajibu: hamira! Ile ya maandazi, Bibi, ambayo nayo ni aina ya kuvu. Nikadhani imeharibika.

Mama Paulina akashika mdomo. "Nilitoka kukanda unga, nikawachagulia yaliyo mazuri, nikayaosha. Ningewapaje wageni majani machafu?"

Mashine ilikuwa imeona hamira ya vidole vyake! Tukachuma mengine wenyewe, na madoa yake yote, na jioni ikataja kutu ya ngano, ndiyo kuvu yenyewe, hata aina yake. Mara zote mbili haikudanganya, ilisoma tulichoipa.

Basi ukienda zahanati kuonyesha vile vidole vyako vya miguu vinavyokuwasha, usivisugue wala kuvipaka mafuta eti kwa heshima ya daktari. Nenda navyo hivyo hivyo, Bibi yangu. Mimi navipenda jinsi vilivyo.

Mjukuu wako,
Neema