Neno Moja katika Barua ya Bi Zuhura

Kilwa Kivinje, Jumatano, Mfungo Tano

Manyunyu tangu alfajiri, na paa letu linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Nimeweka sufuria chini ya tundu na kuhamishia karatasi zangu juu ya kasha la mama. Vidole vimejaa wino. Nina furaha, na nina aibu. Nianze na aibu, maana furaha itajisema yenyewe.

Mimi ni mpenda sifa.

Tangu baba aliponikhitimisha Kurani, watu wa mtaa huu huniletea barua zao niwasomee, nami napenda wanavyonyamaza nikifungua mdomo. Nasoma chochote. Nina utenzi mmoja niliounakili kwa mkono wangu kutoka kwa shangazi, haukuwa na mwanzo, na mwanzo huo nimeubuni mwenyewe mara tatu. Lakini yote hayo ni kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kizungu, zile za shule ya serikali, nilifundishwa na kaka Athumani kwa kijiti mchangani, kabla hajaenda Lindi kuwa karani. Zilizobaki nimejifundisha kwa vipande vya gazeti ambavyo mwenye duka anafungia sukari. Nazijua, lakini polepole, kama mtu anayetembea kwenye matope.

Hilo la polepole sikumwambia mtu. Niliwaambia kisimani kwamba nasoma zote mbili.

Basi leo asubuhi akaja Bi Zuhura. Huyu ni mama aliyetoka Likawage, bara, akateremka pwani mwaka wa njaa, baada ya vita na serikali, na sasa anatwanga mpunga nyumba za watu, yetu ikiwemo. Siku watu wa kijiji chake walipokimbia, yeye alikuwa na homa, amebebwa na dada yake. Mumewe Saidi alimbeba mtoto wao, Bakari. Wakapotezana porini. Hiyo ni miaka miwili sasa, na dada yake amezikwa hapahapa Kivinje.

Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, kisha hakushika mchi kama kawaida. Alifungua pindo la kaniki yake akatoa barua. Ililetwa na mchukuzi mmoja wa nta, na alikuwa amekaa nayo siku nane.

"Siku nane, Bi Zuhura?" nikamuuliza.

"Maadamu haijasomwa, mwanangu, wote wawili wazima," akasema.

Barua ilikuwa ya herufi za Kizungu. Hakutaka kuipeleka bomani kwa makarani, kwa sababu Saidi alikimbia wakati wa vita na hajui kama jina lake bado linatafutwa. Alikuwa amesikia kisimani kwamba mimi nazisoma.

Hapo ndipo ilinipasa kusema, nipe muda. Sikusema.

Mama aliacha kuchambua mchele akasogea. Nikaanza kwa sauti yangu ile nzuri. Salamu nyingi kwa mke wangu Zuhura. Mimi Saidi ni mzima, niko Kitomanga, nimepata shamba. Bi Zuhura alikuwa amefumba macho, midomo inatingishika, kama anayesoma pamoja nami. Nikaona naweza, nikaongeza mwendo.

Nikasoma: "Mtoto wetu Bakari amekufa."

Hakulia. Aliweka viganja vyote viwili juu ya magoti, akavitazama.

"Endelea," akasema. "Soma mpaka mwisho."

Sitaki kuisahau sauti hiyo, ndiyo maana naiandika.

Macho yalikuwa yamenijaa maji, na kwa hiyo nikalazimika kwenda herufi moja moja. "Kanzu yake... haimfiki tena... magotini. Kutwa yuko shambani... anafukuza ngedere."

Mama akanishika mkono.

"Maiti gani huyo anayefukuza ngedere?" mama akauliza.

Nilirudi juu. Nikaweka kidole chini ya kila herufi. A, m, e, k, u, a. Hakuna f. Haikuwapo wala haikufutika. Sikuweza hata kumsingizia aliyeandika. Barua za baada ya vita nimesoma nyingi, na neno "amekufa" limo karibu katika zote. Jicho liliona mwanzo wa neno, mdomo ukajimalizia.

"Amekua," nikasema. "Bi Zuhura, nisamehe. Bakari amekua."

Alinifanya nilisome neno lile mara nne. Mara ya nne nilianza kulia mimi, naye akaanza kucheka, kicheko kilichotoka mbali mpaka akashika ukuta. Mama naye akacheka. Jirani alichungulia dirishani kuuliza kuna harusi gani humu. Kisha Bi Zuhura akanishika sikio, akalivuta, si kwa utani sana.

"Umeniua kidogo, mwanangu," akasema. "Siku nyingine, kama hujui, sema hujui."

Nikamwambia ukweli wote, yale ya kisimani pia. Akasema alijua tangu nilivyoanza kwenda mbio.

Barua iliisha kwa kumtaka aende. Kuna watu wa nta wanaorudi njia hiyo kesho asubuhi, na atafuatana nao. Baada ya adhuhuri akaniomba nimwandikie majibu, atangulize kwa kijana wao mmoja anayetembea upesi. Nilikusudia kuandika kwa herufi zangu za Kiarabu, zilizo nzuri, zinazopendeza macho. Lakini anayemsomea Saidi kule anajua za Kizungu tu. Kwa hiyo leo nimeandika barua yangu ya kwanza kwa herufi hizo. Nimeharibu karatasi mbili. Mistari inapanda kama inakwenda mlimani. Maneno yenyewe ni ya Bi Zuhura, nami sikuongeza hata moja la kwangu, jambo ambalo kwangu ni kazi kubwa: Nimesikia. Nakuja. Mshonee kanzu nyingine.

Niliisoma kwa sauti mara tatu, kidole chini ya herufi, kabla sijaikunja.

Alipoaga, mama alimfungia mchele wa safari. Mimi sikuwa na la kumpa. Akaniuliza jina la baba yangu na jina la mtaa, nikamwambia, akayarudia mpaka yakakaa.

"Huyo mwandishi wa Kitomanga nitamwambia akuandikie wewe," akasema. "Ujue kama nimefika."

Alikwenda zake na manyunyu yale yale, kaniki kichwani, hatua ndefu kuliko nilivyozoea kumwona.

Nimekaa hapa nikifikiri. Barua ngapi zimepita mkononi mwangu? Za wajane, za wafanyabiashara, za wachumba wasiojua wanachotaka. Zote za wenyewe. Hakuna hata moja iliyowahi kuandikwa jina langu juu.

Sasa na mimi nina barua ninayoingoja.