Nilimwambia Mdogo Wangu Amekosea Nyumba

Mdogo wangu amepatikana! Wa baba mmoja, mzima wa afya, ana mke na watoto wanne na meno yake yote, na aliyempata si polisi wala redio, ni binti yangu mwenyewe niliyemzaa kwa tumbo hili. Haya, sasa salamu. Hujambo, mpendwa mshauri? Mimi sijambo kwa watu tu, ndani si mzima, naomba msaada wako maana furaha yenyewe imenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Nijieleze kwanza ujue unaongea na nani. Mimi ni fundi cherehani, huu mwaka wa arobaini, nilisoma mpaka darasa la saba tu lakini kitambaa hakijawahi kunishinda, sare za shule tatu zinatoka kwenye chumba changu cha mbele, na suruali za hakimu napunguza mimi, kiuno chake nakijua kuliko mkewe. Sisemi kwa kujisifu. Wa kusifiwa ni binti yangu, ana cheti, ni karani wa kumbukumbu hospitali kubwa, anakalia kiti kinachozunguka, mtajie faili la mwaka wowote atakuletea kabla hujamaliza kukohoa. Sasa ana mimba yake ya kwanza, akasema mtoto wake hatazaliwa bila kuwajua watu wake, basi akanunua karatasi ya manila kubwa kama mlango, akaibandika sebuleni kwangu juu ya kochi, akaanza kuchora ukoo, mistari, picha na majina. Nikamwambia mwanangu umenichafulia ukuta, lakini mshauri, kila mteja aliyeingia kupimwa nilimvuta mkono kwanza akaone.

Akaniomba karatasi za zamani. Nikampa sanduku langu la bati, na humo akakuta wasifu wa marehemu baba, nilioandika kwa mkono wangu na kuusoma mwenyewe siku ya mazishi, watu wakasema mtoto huyu anajua kusoma. Umeandikwa: ameacha mjane na watoto watatu. Binti yangu akachora watatu, mimi na ndugu zangu wawili.

Haukupita mwezi, akaja dirishani kwake mwokaji wa mikate aliyeungua mkono kwenye tanuri. Binti yangu akamwandika, jina lake, la baba yake, la babu yake, kalamu ikasimama, maana majina hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyo kileleni mwa karatasi yetu. Akamuuliza, "Baba yako alikuwa anafanya kazi gani?" Akasema, "Dereva wa malori ya safari ndefu." Alifariki lini? Akataja mwaka na mwezi. Kisha akageuka kwenda kukaa kwenye benchi, na binti yangu akamwona mgongo.

Alinipigia simu huku analia. "Mama, ana bega la Babu."

Bega la Babu kwetu ni msemo. Baba yangu bega lake la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia, nusu inchi, na tangu nilipojua kushika mkasi ni mimi niliyekuwa namkatia mashati, namshushia upande huo, ukimwona barabarani hujui kama ana kasoro. Mwaka niliokuwa najifunza kazi, nikiwa na miaka kumi na minane, baba aliniambia, "Mama" (alikuwa ananiita mama), "nishonee shati la mtoto wa miaka minane, mtoto wa utingo wangu." Nikapima kwa kukisia. Akasema, "Bega la kushoto lishushe kidogo." Nikamjibu, "Baba, utingo wako naye amepinda?" Akacheka mpaka akakohoa. Nikashona, na tundu la kifungo cha chini kabisa nikalizungushia uzi mwekundu, ndiyo ilikuwa alama yangu, bibi aliyekuwa ananifundisha alinigombeza sana kwa alama hiyo. Kwa nini bega lishushwe, sikuuliza tena. Nilikuwa mtoto, nilifurahi kupata oda.

Miaka kumi na miwili ikapita baba akafa. Mshauri, hapa ndipo naomba unisikilize vizuri.

Siku ya mazishi watu walijaa mbele, mimi nilitoka mlango wa uani kumwaga maji, mtandio nimeuvuta mpaka machoni, macho yamevimba, na huyu binti karani alikuwa tumboni mwangu miezi mitano. Nikamkuta kijana wa miaka ishirini amesimama na fuko la karatasi, viatu vina vumbi mpaka kwenye kamba. Akaniamkia shikamoo. Akasema, "Naomba uniitie dada yangu, yule fundi. Nimekuja kumzika baba." Na kabla sijajibu akatoa shati dogo kwenye fuko, limepigwa pasi, akanionyesha kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Niliona uzi mwekundu. Nikainua macho nikaona bega lake, na shati alilovaa siku ile limemvuta upande kwa sababu hana wa kumkatia. Nikajua pale pale. Sikuhitaji karatasi ya manila.

Nikamwambia, "Umekosea nyumba. Msiba huu si wenu."

Alilikunja lile shati taratibu, mkono ndani ya mkono, akasema, "Samahani kwa usumbufu, mama." Akaenda zake. Mimi nikaingia ndani, nikafuta machozi, nikasimama mbele ya watu nikasoma: watoto watatu.

Miaka ishirini na minane nimejiambia nilikuwa namlinda mama yangu, mjane wa siku mbili, asipate aibu juu ya uchungu. Lakini miaka mitatu baada ya baba, mama akiwa mgonjwa, nampunguzia gauni kiunoni maana alikuwa amekwisha, akaniuliza tu hivi hivi, "Yule mtoto wa baba yako wa kule mwisho wa safari, hakuja kuzika? Nilimwekea sahani yake." Nikasema hakuja. Akasema, "Masikini, labda alikosa nauli." Sindano ilinichoma, machozi yakanitoka, nikasingizia sindano. Mama alikuwa anajua siku zote, na sahani alimwekea, na mimi ndiye niliyefunga mlango kwa sababu nilikuwa nimeshaandika watatu kwa mwandiko wangu mzuri na sikutaka mtu anifutie.

Sasa mdogo wangu amemsimulia binti yangu yote. Kwamba alimzika baba akiwa amesimama nyuma ya malori ya madereva wenzake. Kwamba mlangoni palikuwa na mwanamke amejifunika, sura hakuiona, ila sauti yake hata leo angeijua. Na kwamba yule mwanamke hawezi kuwa dada yake, "kwa sababu dada aliyenishonea shati bila kunijua, asingenirudisha akinijua." Hayo ndiyo maneno yake, mshauri. Shati bado analo.

Binti yangu akaja kuniuliza, "Mama, ulikuwepo, alikuwa nani yule?" Nina mkasi mkononi, mdomo ukatangulia: "Atakuwa bibi yako. Wivu." Alikwenda ukutani akabandua picha ya bibi yake, aliyokuwa akiipenda kuliko zote, akaitia kwenye droo ya vifungo. Akampigia mjomba wake mwokaji akamwambia, na yeye akajibu, "Basi nimemsamehe marehemu."

Tangu hapo mdogo wangu ananipigia simu kila jioni, anataka kumsikia dada yake. Nakohoa. Wiki ya pili hii najifanya koo limekauka, mwanangu ananinunulia asali. Usoni hatanijua, wakati ule nilikuwa kama fimbo na sasa nimejaa vizuri, lakini sauti nitaiweka wapi? Binti yangu amealika ukoo mzima nyumbani kwangu, nyumba ile ile ya baba, Jumapili ya mwisho wa mwezi huu saa nne asubuhi, tupige picha, na huo wasifu wa baba anataka tuurekebishe mbele ya watu, watatu iwe wanne, anadhani nilikosea kwa kutojua. Nimeshakata kitambaa cha kumshonea mdogo wangu shati, bluu ya bahari, bega nimelishusha kwa kutazama picha yake kwenye simu, litampendeza hilo.

Swali langu ni hili. Nikinyamaza, si kila mtu anafurahi? Mama yangu amelala kaburini, hasikii. Mwanangu ni mjamzito, asije akashtuka bure. Au nikisema nitampoteza ndugu mara ya pili na binti mara ya kwanza? Nishauri, mwenzio silali, nashona mishono inayopinda, na mimi si fundi wa mishono ya kupinda.

Mimi, Mama Fundi

MSHAURI ANAJIBU

Mama Fundi, hongera, lakini hongera hizi mpelekee binti yako, maana yeye ametafuta na wewe ulifukuza. Pole ni yako, na nakupa kwa moyo wote, kwa sababu mtu aliyebeba neno moja kwa miaka ishirini na minane amechoka hata kama amejaa vizuri.

Umenieleza kiti cha binti yako kinazunguka. Na wewe umezunguka, umenipitisha kwenye kiuno cha hakimu kabla hujanifikisha mlangoni. Sasa tumefika, tusimame hapo.

Unauliza kama si kila mtu anafurahi. Hesabu upya watu wako. Mama yako yuko kwenye droo ya vifungo. Mwanamke aliyemwekea sahani mtoto wa mumewe, siku ya kumzika mume huyo huyo, leo mjukuu wake anamwona mchawi, na aliyempeleka huko ni mtoto wake mwenyewe. Kumfukuza kijana lilikuwa kosa la dakika moja, la mtu mwenye msiba na kiburi, ningeweza kukuelewa. Hili la mama yako umelifanya ukiwa na miaka hamsini na minane, akili timamu, saa za kazi. Ndilo lililonikasirisha.

Na mdogo wako amesamehe, ndiyo, lakini msamaha wake umekwenda kubisha nyumba isiyohusika. Wewe mwenye nao umekaa ndani unakohoa.

Usijifiche nyuma ya mimba ya binti yako. Mara ya kwanza ulijificha nyuma ya machozi ya mama yako, na ukaona mwenyewe kwamba hakuhitaji ulinzi wako. Mjamzito hafi kwa kusikia ukweli kutoka kwa mama yake, akiwa amekaa, ameshiba. Anachoweza kushindwa kukusamehe ni kuusikia kwa mjomba wake, sebuleni, mbele ya wageni, pale utakapofungua mdomo kusema karibuni na mwokaji akaijua sauti. Maana ataijua, mama. Huwezi kukohoa mpaka kaburini.

Basi fanya hivi. Leo hii, ukishaweka gazeti chini, fungua droo, mtoe mama yako, mpanguse, mrudishe ukutani kwa mkono wako. Binti yako atauliza. Mwambie yote, uzi mwekundu na sahani pia, na usianze na "nilikuwa namlinda". Atalia, pengine ataondoka siku mbili tatu. Mwache. Mtoto anayekesha kuwatafuta watu wake hawezi kumtupa mama yake, lakini mpe nafasi ya kukasirika, ameistahili.

Kesho yake mpigie mdogo wako wewe mwenyewe. Asali iache kabatini. Usimtume binti, usitume ujumbe wa maandishi, sauti ndiyo iliyomfukuza na sauti ndiyo itakayomwambia. Mwambie, "Mimi ndiye dada yako fundi, na mimi ndiye niliyekuwa mlangoni." Kisha nyamaza. Najua kunyamaza ni kazi kwako, ila hapo jitahidi. Akikata simu, amekata. Akikutukana, sikiliza mpaka mwisho. Alitembea mpaka viatu vikajaa vumbi, wewe utashindwa kusimama na simu?

Hilo shati la bluu ling'oe kwenye cherehani. Fundi wa miaka arobaini unakata bega la mtu kwa kutazama simu! Ulikisia alipokuwa na miaka minane kwa sababu ulifichwa. Sasa hakuna aliyekuficha. Usimpelekee zawadi itangulie maneno, ataivaa halafu aone haya kukukasirikia. Kitambaa kiweke, na tepu iweke juu yake. Siku atakayokuruhusu kumgusa bega ndipo utampima.

Wasifu wa baba yako usirekebishwe na binti. Uliandika wewe, ukausoma wewe, utaufuta wewe, na mbele ya watu utasema kwamba ulijua ni wanne.

Sijui kama atakuja. Sitakudanganya. Anaweza kusema dada aliyemshonea shati amekufa siku aliposikia simu yako, na atakuwa na haki yake. Wewe jiandae kama anakuja. Fagia uani, maana huko ndiko alikopitia, na usimame huko huko bila mtandio usoni. Viti vikijaa na yeye hajaonekana, msianze kula kabla hujamwekea sahani yake, kama mama yako alivyofanya. Ndugu zako wawili, mkweo, mke wa mwokaji na watoto wake wanne, wote binti yako ameshawaambia siku: Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, saa nne asubuhi.