Machozi ya Kuchorwa

Kwa mume wangu Aztatl, huko migodini kaskazini,

Sisi hatujambo, na bata mzinga wako mmoja angali hai. Mama yako magoti yanamsumbua. Karani wa kanisa ndiye anayeniandikia, kwa hiyo mengine nayameza.

Juzi alikuja mchoraji kuwachora watu wa mtaa kwa ajili ya kodi. Kila mwanamume alichorwa kichwa, na juu yake alama ya jina lake. Wewe umepata yangeyange mzuri, kama lisemavyo jina lako. Sisi wanawake tumepata nywele tu. Nikamuuliza, "Na jina langu je?"

Akacheka. "Dada, kila binti wa pili kuzaliwa mtaa huu anaitwa Teicuh. Nikikuchorea jina nitakuwa nimesema nini? Mume yupo?"

Misimu mitatu ya kupanda hujaleta neno, nami nafuma nguo za kodi yako na yangu mpaka vidole havikunjiki.

Mama yako ndiye aliyejibu. "Mchoree machozi ya mjane, mwanangu. Mjane hulipa nusu. Huyu amechoka." Kisha akaingia ndani, hakutoka hadi jioni.

Basi mchoraji akaupaka uso wako wino mweusi wa wafu, chini ya yule yangeyange, na mimi akaniwekea matone shavuni. Anasema wino ule haufutiki.

Machozi yale ni ya mama yako, Aztatl. Mimi bado sijalia.

Ni mimi mkeo,
Teicuh