Basi Lisilolia

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeendesha peke yangu! Bila mkufunzi pembeni, bila mtu wa kunishtukia kila nikigusa breki. Kutoka yadini hadi hospitali kuu na kurudi, kutwa nzima. Basi la umeme ni kama kuendesha godoro — halitetemeki, halinuki, halina gia za kugombana nazo. Ukiinua mguu tu linaanza kupunguza mwendo lenyewe. Mwanzoni mikono ilinitoka jasho. Baadaye nikajikuta naimba.

Mzee mmoja mwenye kofia alipanda, akaniona, akashuka. Heri asubiri basi la nyuma. La nyuma lilikuwa la Chuma, mwanamke mwenzangu! Tumecheka hadi machozi. Chuma anasema mzee wa watu alishika nguzo kwa mikono miwili safari nzima, kama anapelekwa kunyongwa, na aliposhuka akanong'ona ahsante.

Chuma tulisoma naye udereva. Jina alipewa na wakufunzi, alipoteguka mguu katikati ya mafunzo akawa anakuja darasani kwa magongo, hakosi.

Nyumbani Baba Mapacha hakuniuliza kitu. Amezeekea barabara hiihii na basi la dizeli, mimi kondakta wake mlangoni — ndiko tulikopendana, kwenye moshi na matusi. Dizeli zilipoondolewa, kampuni ikisema mji unataka hewa safi, madereva wakaambiwa waombe mafunzo mapya. Akaomba. Akajibiwa awamu hii wanawake kwanza. Nikaomba mimi, nikapata. Tangu hapo kila nikivaa sare anakumbuka shughuli ya uani.

Simlaumu. Lakini leo nilitaka mtu mmoja tu aniulize, ilikuwaje?

Alhamisi, 6 Machi

Choo cha wanawake pale yadini kimejaa matairi. Kwenye ramani kipo, mlangoni kuna mchoro wa mwanamke mwenye sketi, ukifungua — matairi hadi darini. Tunakwenda kuomba kwenye kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara. Sisi, madereva wa umeme! Wauza mafuta wanatucheka, lakini ufunguo wanatupa.

Chuma akamfuata msimamizi wa yadi. Msimamizi akamjibu mbele za watu: mnataka usawa au mnataka choo? Wanaume wakaangua kicheko. Chuma akasema, vyote viwili, bosi, na choo kianze. Hapo wakacheka zaidi, ila safari hii si yeye aliyechekwa. Msimamizi hakupenda. Nilimwona.

Mama mkwe anasema mwenzangu huyo ana mdomo utakaomponza. Kisha akaomba siku moja nimpandishe basi, akae mbele kabisa, shoga zake wamwone.

Jumanne, 11 Machi

Sijui nianzie wapi. Niandike tu.

Asubuhi, yadini. Mabasi haya hayana ngurumo, kwa hiyo yamewekewa spika mbele. Basi likienda polepole linatoa mlio, kama nyuki mkubwa, watu wajue kuna kitu kinakuja. La Chuma halikulia. Alilisogeza kidogo, akasimama, akafungua dirisha, akasikiliza. Kimya. Akamwita msimamizi: bosi, basi halilii. Msimamizi akasema vipuri viko njiani, si lako peke yake, wewe piga honi. Chuma akasema honi sio mlio, sitoki na hili. Msimamizi: utatoka, au nikuandikie umekataa kazi? Nenda, abiria wanasubiri.

Nilikuwa basi la pili, nachomoa waya wa chaji. Nimesikia kila neno. Fundi umeme naye alikuwepo, amechuchumaa hatua chache kutoka kwao.

Akatoka. Ningefanyaje? Nami nikatoka.

Kabla ya adhuhuri, kituo cha sokoni. Chuma anatoka kituoni polepole, anakata kona. Fundi cherehani, mwanamke, anavuka na robota la vitambaa kichwani, limemziba upande mmoja. Hakuona. Hakusikia. Nilifika nyuma yao, nikakuta vitambaa vimetapakaa barabara nzima, na Chuma amepiga magoti anamfunga yule mama mguu kwa mojawapo ya vitambaa hivyo. Watu wamewazunguka. Hawapigi kelele juu ya basi. Wanapiga kelele, mwanamke! Mwanamke ndiye dereva! Nani amempa mwanamke gari?

Wakamvuta nywele. Polisi walipomchukua, wallahi, nilishukuru.

Jumatano, 12 Machi

Fundi cherehani amefariki alfajiri. Ameacha mtoto wa kunyonya.

Ijumaa, 14 Machi

Wanawake wote tumetolewa kwenye usukani. Kwa muda, wanasema. Kwa usalama wetu wenyewe. Tumepewa ndoo na mafagio, tunaosha mabasi tuliyokuwa tukiyaendesha wiki hii hii. Wanaume wanayatoa, wanayarudisha, sisi tunafuta.

Mchana nilikwenda kumwona Chuma mahabusu. Nimempelekea chakula, askari akakichokoa kwa kijiko hadi kikawa uji. Chuma halii. Macho makavu, makubwa. Akauliza mtoto wa yule mama ananyonyeshwa na nani. Sikujua. Akauliza mara ya pili, kana kwamba hakunisikia.

Halafu akasema: nilimwambia, ulisikia?

Nilisikia, dada.

Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akasema fundi umeme amekwishaandikisha polisi kwamba alikuwa ndani ya basi, hakusikia neno. Basi umebaki wewe, shoga yangu.

Nimerudi kwa miguu. Sikutaka kupanda kitu chochote chenye magurudumu.

Jumatatu, 17 Machi

Msimamizi kaniita ofisini. Kiti, chai, na biskuti! Siku zote tukiingia kwake tunasimama.

Akaanza mbali. Watoto hawajambo? Mama mkwe je, miguu bado inamsumbua? Kumbe anajua hadi miguu ya mama mkwe. Kisha: mumeo ni dereva mkongwe, ni hasara mtu kama yule kukaa nyumbani. Sasa nafasi zimepatikana — wanawake mmepumzishwa — na kampuni inamfikiria. Mafunzo mafupi tu, anayo barabara kichwani.

Nikasema ahsante. Mdomo ukasema wenyewe.

Akakoroga chai yake. Jumatatu ijayo kutakuwa na uchunguzi, akasema, wataalamu watauliza maswali. Mama Mapacha, kwenye kelele za yadi asubuhi, kweli mtu anasikia nini?

Yadi ya mabasi ya umeme! Kelele zipi? Pale asubuhi hata shomoro unamsikia.

Chai nimeiacha, biskuti nimeila. Sijui kwa nini nimeila.

Alhamisi, 20 Machi

Baba Mapacha ameajiriwa.

Alikuja jioni na sare imekunjwa kwenye mfuko. Mama mkwe akapiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Mapacha wakagombania kofia. Alivaa, akasimama mlangoni, shati limembana tumbo, na akanitazama. Mimi! Ni mwaka sasa hajanitazama namna ile. Akasema, mke wangu, tumerudi barabarani.

Nikatabasamu. Nilitaka kulia, nikatabasamu.

Bafuni alikuwa anaimba. Nikasubiri atoke, nikamwambia yote, uani, mama yake asisikie. Mlio. Aliyosema Chuma, alivyojibiwa. Chai ya msimamizi. Nikamwambia: kiti chako ni mdomo wangu. Nikiufungua, unashuka.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilidhani atafoka. Akauliza tu, huyo Chuma ana watoto?

Hana.

Sisi tunao, akasema.

Akainuka akaingia ndani. Halafu akarudi mlangoni, akasema bila kunitazama: sijasema usiseme. Nimesema tunao watoto, basi.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeosha mabasi. Maji ya baridi. Fundi umeme alipita, akainamisha kichwa. Nikamwita, kaka, hata wewe? Akasema, dada yangu, usinione hivi, nimepanga chumba kimoja na watu sita nyuma yangu. Nikamwambia na mimi vilevile. Akasema, sasa unaniuliza nini?

Wanawake wenzangu hawazungumzi siku hizi. Tunapeana matambara tu. Yule mdogo wetu, aliyefaulu kuliko sote, ameacha kazi leo. Amevua buti zake akaziacha kwenye ngazi ya basi, akatoka langoni na kandambili. Buti zikashinda hapo. Hakuna aliyetaka kuzigusa.

Jumapili, 23 Machi

Siku ya ajabu. Ningeweza kusema siku nzuri.

Kesho asubuhi Baba Mapacha anatoka peke yake kwa mara ya kwanza. Mafunzo yenyewe siku mbili! Sisi tulisota miezi. Alijikaza hadi baada ya chakula, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi: hebu nifundishe.

Nikapanga viti sebuleni. Yeye mbele, mfuniko wa sufuria ndio usukani, kipande cha ubao ndio pedali. Mapacha abiria. Mama mkwe alipewa kiti cha mbele kabisa kama alivyoomba, akashikilia mkoba wake mapajani na akakataa kulipa nauli.

Nikamfundisha. Usilikanyage kama dizeli, litaruka. Inua mguu mapema, linajizuia lenyewe na linajirudishia chaji. Kwenye mteremko usiogope, mteremko ni chakula chake. Alikosea, mapacha wakaangukiana makusudi wakipiga mayowe, mama mkwe akatishia kushuka. Baba Mapacha alicheka. Nilikuwa nimeusahau mlio wa kicheko chake.

Alisikiliza kila neno. Hakuniambia hata mara moja, najua. Nilifikiri, kumbe ingewezekana. Mimi basi langu, yeye lake, tukipishana njiani tunawashiana taa. Ilikuwa haba kiasi hicho, hewa safi yao, mpaka mmoja wetu ashuke ndipo mwingine apande?

Watoto walipokwenda kucheza nikamwambia la mwisho. Asubuhi, kabla ya lango, lisogeze kidogo, fungua dirisha, sikiliza. Lisipolia, usitoke nalo.

Akawa anazungushazungusha mfuniko mikononi.

Na wakiniambia niende?

Mama mkwe, ambaye tulidhani amesinzia kwenye kiti chake cha abiria, akasema bila kufumbua macho: mwanangu, yule fundi cherehani naye alikuwa na mama mkwe.

Kumbe anajua. Kumbe siku zote anajua.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekaa kwenye benchi, nje ya chumba cha uchunguzi. Nimekuja na kalamu ili mikono iwe na kazi. Ukuta wa kijani, feni haizunguki. Chuma yuko ndani tangu asubuhi, wamemleta na askari wawili, amekonda shingo. Alipopita alinitazama mara moja tu. Hakuniomba kitu. Afadhali angeniomba.

Asubuhi tulitoka nyumbani pamoja, mimi na Baba Mapacha. Nimempigia pasi shati. Njia panda akasimama. Yeye kushoto, yadini. Mimi kulia, huku. Nilimwambia nitasema. Nilitaka alisikie kwangu, lisimfikie kwa msimamizi. Taya lilimcheza. Akasema, sawa. Akaenda. Baada ya hatua kadhaa akageuka, nikadhani atanibembeleza. Akasema: zungumza kwa sauti, ukiogopa huwa unanong'ona.

Sasa napata hofu ya kweli. Najirudia kichwani: basi halilii. Sitoki na hili. Utatoka, au nikuandikie umekataa kazi? Maneno matatu manne. Mepesi. Mtoto anaweza kuyasema.

Msimamizi hayupo hapa. Karani anasema ataitwa alasiri, asubuhi hii anatoa mabasi.

Simu imetikisika. Ujumbe, kutoka kwa Baba Mapacha. Naunakili ulivyo:

"Mke wangu hili nililopewa halilii. Nimefungua dirisha kama ulivyosema. Yuko hapa mlangoni anasema twende. Nifanyeje"

Hata alama ya kuuliza hakuweka.

Nimeandika, shuka. Nimefuta. Nimeandika, usitoke. Nimetuma. Haionyeshi kama ameusoma. Nimempigia — inaita. Labda ameshuka, anabishana. Labda simu iko mfukoni na mikono yote miwili iko kwenye usukani, na saa hizi pale sokoni ndipo watu wanapojaa.

Mlango umefunguka. Karani ananiita, Mama, ni zamu yako. Nimemwonyesha kidole, dakika moja. Anasema hawasubiri.

Napiga tena. Inaita. Ananiita kwa mara ya pili, mlango kaushika kwa mguu, na mle ndani namwona Chuma amegeuza kichwa anatazama nje, ananitazama mimi na simu sikioni — inaita, inaita tu —