Mkono Wangu kwenye Tangazo la Wifi

Mwenzangu, shika simu!

Lile tangazo la ushonaji nililotengeneza mwenyewe kwenye simu, nikawatumia wewe na wifi tu mlitazame kabla sijalichapisha? Limeshabandikwa ukutani, kona ya duka la dawa! Gauni langu, pazia langu nyuma, ila jina na namba ni za wifi.

Wifi! Ambaye hata kifungo kikikatika anatafuta mtu!

Nikamfuata. "Wifi, ule mkono ulioshika gauni kwenye tangazo ni wa nani?"

"Mikono hufanana, wifi."

Mikono hufanana! Na kovu langu la pasi nalo hufanana?

Akacheka. Akanivutia kiti, akaniita kipenzi. Kipenzi, mimi? Tangu lini? Mwenzangu, nimeshaumwa na nyoka, sasa hata unyasi naukwepa. Nikakaa ukingoni mwa kiti, nikasubiri sumu.

Ikatoka. Kuna bibi harusi ameliona tangazo, kesho anakuja kupimwa, anataka gauni lile lile.

"Nishonee, kipenzi. Ila jina libaki langu."

Jina libaki lake!

Nikainuka. "Mkono si unao pale ukutani? Uombe ukushonee."