Kiburu Bila Chumvi

Mwanza, 4 Machi 1995

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Mimi huku sijambo, masomo yanaendelea. Natumaini Mama na wadogo zangu hawajambo. Ningekuuliza na wewe hali yako, lakini barua yako imeshaniambia, na tangu niisome sijatulia. Mia moja na tisini! Baba, hiyo ni presha ya mtu wa kulazwa, nawe unaniandikia kana kwamba ni bei ya debe la mahindi!

Dawa meza kila siku, hata siku ukijisikia mzima. Ila ninachokiogopa zaidi ni hoteli. Tangu uiache kahawa ukaingia kwenye mitumba, mchana huli nyumbani. Leo Tarakea, kesho Mkuu, keshokutwa Moshi mjini, na kote huko najua unachoagiza: supu ya mbuzi asubuhi, chipsi na nyama choma mchana, na chumvi ya kuongezea pembeni. Nisikilize, niko mwaka wa pili wa uuguzi sasa. Supu acha. Chipsi acha. Choma acha. Ingia kwa Mama Stella pale karibu na stendi, uagize kiburu. Ni ndizi na maharage tu, chakula tulichokulia, hakijamdhuru mtu. Mwambie yako apike bila chumvi.

Nakuomba unitii. Sitaki kuitwa ofisini kupewa habari zako.

Binti yako,
Kornelia


Moshi, 21 Machi 1995

Kwa binti yangu Kornelia,

Marahaba mama. Sisi wazima, mama yako anakusalimu, na ng'ombe amezaa jike.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Hata supu? Supu, Kornelia? Sasa mtu anaamkia nini? Jumanne niliingia kwa Mama Stella nikaagiza kiburu bila chumvi, hoteli nzima ikageuka. Rogath, huyu tunayeuza naye makoti meza jirani, akauliza nimefilisika au nimeokoka. Mama Stella akasema, "Mzee Leodegar, bila chumvi kabisa? Utaweza kweli?" Nikamwambia mwanangu ni nesi, yeye ndiye ameandika. Akanipikia kwenye sufuria yangu peke yangu.

Nimekula. Maharage laini kabisa, wala sikuikumbuka chumvi. Nilipopita jikoni kunawa, nikayaona mafuta ya chipsi. Meusi! Nikauliza yana siku ngapi, mpishi akacheka tu. Yaani miaka yote hii nimekuwa nikiyala hayo na kulamba vidole! Nimeahidi sitayagusa tena. Na Tarakea nimempata mama mwingine anayepika kiburu, Mkuu vilevile.

Baba yako,
Leodegar


Moshi, 30 Juni 1995

Kwa Kornelia,

Habari za masomo? Huku baridi imekolea, mama yako anakohoa kidogo, wengine wazima.

Mwanangu, nimeduwaa. Jana nilikwenda kliniki nikiwa na raha zangu, nikijua nitasifiwa. Nesi akapima mkono wa kushoto, akapima na wa kulia. Mia mbili na kumi. Nikamwambia mashine yao mbovu. Akamwita daktari, naye akapata hiyo hiyo. Daktari akauliza ninakula nini hotelini. Nikamjibu kiburu bila chumvi. Akanitazama kama ninavyomtazama mteja anayerudisha koti akidai alilikuta limechanika. Ameniongezea dawa.

Miezi mitatu sijaonja nyama ya hotelini, kuanzia supu mpaka mshikaki. Sielewi. Wewe uliyesoma, nieleze.

Baba yako


Mwanza, 12 Julai 1995

Baba,

Shikamoo. Mama mpe pole ya kikohozi.

Nimeshtuka, halafu nimekasirika, na sitaficha. Mtu anayekula kiburu bila chumvi na kumeza dawa, presha yake haipandi hivyo. Tunajuana, Baba. Mwaka ule ulimwapia Mama kwamba pombe ya mbege umeacha, kumbe ulikuwa unainywa kwa jirani. Sasa na nyama ni hivyo hivyo, wewe na akina Rogath wako. Kinachoniuma ni kwamba unanidanganya mimi ninayekulilia huku.

Usiniandikie tena mpaka uwe na la kweli la kuniambia.

Kornelia


Mwanza, 3 Oktoba 1995

Baba yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena. Sijui nianzie wapi.

Leo darasani mwalimu wa lishe ametufundisha vitu vinavyompandishia mtu presha bila yeye kujua. Akaandika ubaoni: magadi. Akasema kile kilichomo kwenye chumvi kinachopandisha presha, kwenye magadi kimo pia, tena kwa wingi. Nikanyoosha mkono nikauliza, "Hata magadi ya kwenye kiburu?" Darasa zima likacheka. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Baba, nani kule kwetu anapika kiburu bila magadi? Mimi mwenyewe nilikuwa nikimpondea Mama magadi jikoni! Na hotelini wanazidisha, ili maharage yaive kabla ya saa sita watu hawajajaa. Mama Stella alikuondolea chumvi kama nilivyoagiza. Magadi sikuyataja, naye angejuaje?

Hukunidanganya. Mimi ndiye niliyekuchagulia sahani ile. Iache leo hii, popote ulipo. Agiza ndizi za kuchemsha, mchicha, samaki asiyekaangwa, na kabla hujakaa uulize wametia nini. Nijibu upesi, tafadhali sana.

Mwanao mkosefu,
Kornelia


Moshi, 6 Oktoba 1995

Kwa Kornelia,

Salamu. Tangu ile ya Julai sijapata barua yako, na sishangai, maana ulinikataza kuandika. Ulisema niandike nikiwa na la kweli. Ninalo.

Barua ile ilifika nikiwa Tarakea, mama yako akaifungua. Niliporudi alinusa koti langu, akitafuta harufu ya moshi wa nyama. Mimi, mtu mzima, nanuswa mlangoni! Nikaamua nitawaonyesha. Tangu siku ile nakula kiburu mchana, na jioni nabeba kingine nyumbani. Sili kitu kingine. Mama Stella ni shahidi, Rogath ni shahidi, waulize.

Mwandiko uniwie radhi, vidole vya kulia vinakufa ganzi tangu juzi, na kichwa kinagonga. Nadhani ni kubeba marobota. Wiki ijayo nakwenda kliniki, safari hii watanyoosha mikono wenyewe.

Baba yako asiye mwongo,
Leodegar


TELEGRAMU. Mwanza, 16 Oktoba 1995

BABA ACHA KIBURU. NENDA HOSPITALI LEO. USINGOJE KLINIKI. KORNELIA


Mwanza, 20 Novemba 1995

Baba,

Shikamoo. Habari za kuanguka kwako nilizipata kwa simu ya parokia, kwamba ulianguka siku mbili kabla ya telegramu, barua yangu ya magadi ikiwa bado njiani. Namshukuru Mungu umeruhusiwa kurudi nyumbani.

Krismasi nitabaki huku Mwanza. Nimeomba zamu wodini. Siwezi kuingia pale mlangoni nikakuona hivyo, wakati ni mimi niliyekufikisha hapo.

Kornelia


Kirua Vunjo, 9 Desemba 1995

Kornelia,

Marahaba. Naandika kwa mkono wa kushoto, mstari mmoja asubuhi, mmoja jioni. Mguu unarudi. Mkono bado. Presha imeshuka.

Kiburu nimekusamehe. Kama ulikosea wewe, ukoo mzima ulikosea. Hata daktari hakusema ni hicho peke yake.

Lakini uliniita mwongo. Kwa maandishi, na mama yako akasoma. Hilo limeniuma kuliko mkono. Magadi ameshaelezwa, telegramu ameisoma, na bado juzi akiniogesha aliniuliza, "Baba Kornelia, kweli hata mshikaki mmoja?"

Kwa hiyo zamu hiyo mpe mwenzako. Utapanda basi, utakuja Krismasi, utasimama mbele ya mama yako na kumwambia kwamba nilisema kweli.

Ukishasema, tutakula.

Baba yako